Pale Mafuta Yasipofika

Kila jioni, pasi zikishapoa na nguo za watu zikishatundikwa kwenye henga, mama alikuja na chupa ya mafuta. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamimina kidogo kiganjani, akasugua viganja mpaka vikapata joto, kisha akasema maneno yale yale.

"Lete mkono."

Binti yake alileta mkono. Ulikuwa wa kushoto, upande wa ndani, kuanzia juu kidogo ya kifundo mpaka karibu na kiwiko. Kovu lilikaa pale na umbo lake lote, ncha mbele, kitako nyuma, na hakuna mtu mwenye macho aliyehitaji kuuliza lilitokana na nini. Shuleni waliliona mara moja tu, siku aliyopandisha mikono ya sweta kunawa, na kabla kengele haijalia alikuwa ameshabatizwa jina. Pasi. Jina likamganda. Alikuwa na miaka kumi na saba sasa, na wapo wanafunzi wenzake ambao hawakujua kama ana jina jingine.

"Linauma?" mama aliuliza.

"Kidogo."

"Hapa?"

"Hapo ndiyo."

Ulikuwa uongo mtupu. Pasi hakuhisi kitu. Ngozi ile ilikufa ganzi tangu akiwa na miaka mitatu, siku alipouvuta waya wa pasi mezani wakati mama amegeuka kupokea nguo za mteja. Alichofanya kila jioni ni kutazama vidole vya mama. Vikifika kwenye ncha, alivuta pumzi. Vikishuka kwenye kitako, alikunja uso kidogo, akaukunjua taratibu, ili mama aone kwamba mafuta yameingia. Hakukumbuka alianza lini. Alikumbuka sababu tu. Zamani, akiwa mdogo, aliwahi kusema, "Sisikii kitu, mama," na mama akanyanyuka bila neno, akaenda kujifungia bafuni. Maji ya bomba yalijaa ndoo, yakafurika, yakapita chini ya mlango mpaka koridoni, na mama hakutoka. Toka hapo Pasi hakurudia.

Mama alifunga chupa, akapangusa mikono kwenye khanga yake, akaondoka. Hapo tu ndipo walipogusana kwa siku nzima. Mchana mama alikuwa mtu wa mvuke na kelele, mkali kwa wateja, mkali kwa chumvi ikizidi, mkali kwa mlango ukibamizwa. Kwa mkono ule tu hakuwa mkali. Mkono ule ungeomba mbingu, mama angetafuta ngazi.

Pasi alilijua hilo muda mrefu. Hakuwahi kulitumia.

*

Muhula ule tatuu ziliingia darasani kama mafua. Zilianza na kalamu za wino, wasichana wa viti vya nyuma wakichorana maua kwenye mapaja chini ya dawati huku mwalimu wa hesabu akihangaika na ubao. Kisha mmoja akaja na ya kweli. Alikuwa mvulana mrefu waliyemwita Kamba, na kwenye kigimbi cha mguu wake alichorwa chui. Chui mwenyewe alifanana na paka aliyenyeshewa, lakini Kamba alikunja suruali mwezi mzima.

Spika naye alikuwa na yake. Spika alikuwa rafiki wa Pasi tangu darasa la kwanza, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kufanikiwa kumpunguza sauti. Nyuma ya sikio lake la kulia zilikaa nyota tatu ndogo alizochorwa na binamu yake.

"Mama anadhani ni uchafu," alimwambia Pasi wakiwa wamekaa nyuma ya choo cha wasichana, mahali pekee penye kivuli. "Kila wiki ananisugua na dodoki. Siku moja atanitoa sikio."

"Si umwambie?"

"Nimwambie nife? Sikiliza. Mwili huu nilipewa bila kuulizwa. Miguu ni ya baba. Pua ni ya shangazi, na shangazi mwenyewe hamtaki pua hiyo. Nyonga sijui ni za nani, mwenyewe hajajitokeza. Hizi nyota ndizo kitu pekee nilichochagua mimi."

Pasi alitazama nyota. Zilikuwa zimepinda, moja kubwa kuliko wenzake. Hakuziona nzuri wala mbaya. Alichowaza ni kwamba Spika, kila akizigusa, alijua yuko wapi.

"Ziliuma?"

"Nililia kamasi. Nakwambia ukweli kwa sababu ni wewe."

"Nataka kuchorwa hapa," Pasi alisema, akaugusa mkono wa sweta.

Spika alinyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Utachora nini?"

"Jani. Moja tu, kubwa. Umbo lake linalingana."

"Ee, sawa. Utaacha kuitwa Pasi, utaitwa Mboga." Alicheka mwenyewe, kisha akaacha. "Wenzako tunachora ili tuonekane. Wewe unataka kuchora ili usionekane."

Pasi hakubisha. Lakini haikuwa hivyo, au haikuwa hivyo tu. Kulikuwa na kitu ambacho hakumwambia hata Spika. Watu wote walisema sindano ya tatuu inauma. Kamba aliuma taulo. Spika alilia kamasi. Pasi alitaka kujua kama sindano hiyo ingeweza kufika chini kule, kwenye ngozi ile aliyoibeba kama mzigo wa mtu mwingine, ikamkuta yeye. Miezi ya karibuni ganzi ile aliiona kama imeanza kutambaa. Watu walicheka, naye akacheka, baadaye akagundua hakuona kilichochekesha. Bibi yake, mama wa mama, alifariki, naye Pasi akabeba viti, akagawa maji kwa waombolezaji, na jicho halikulowa. Alianza kujiuliza kama lile kovu lilikuwa na mwisho.

*

Alimwambia mama mchana, kazini, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao kilichogeuzwa kuwa cha udobi. Mama alikuwa anapiga pasi shati jeupe. Aliinua pasi, akalamba ncha ya kidole, akagusa chuma cha chini. *Tss.* Kidole kilikaa pale muda mrefu kidogo kuliko ambavyo kidole cha mtu mwingine yeyote kingekaa. Wateja walimtania kwa hilo. Walimwita Koleo.

"Tatuu?" mama alisema. "Wewe? Unataka kuwa kama ukuta wa stendi?"

"Ni kwenye kovu, mama. Kulifunika."

Pasi ilisimama katikati ya mgongo wa shati. Ilikaa muda mrefu kuliko inavyopaswa, mpaka harufu ikaanza, ndipo mama akainyanyua haraka. Doa la rangi ya chai likabaki kwenye kitambaa. Katika miaka yote ya udobi, Pasi hakuwahi kumwona mama akiunguza nguo ya mteja.

"Linakusumbua hivyo?"

"Ndiyo."

Mama alilitazama lile doa. "Huyo mchoraji ana akili timamu?"

"Anataka mzazi awepo. Mtu chini ya miaka kumi na nane bila mzazi hamgusi."

"Basi ana akili kidogo." Alilikunja shati, doa likaingia ndani. "Na mafuta je? Tutaendelea kupaka?"

"Wanasema mafuta yanaharibu wino, mama."

Mama alitikisa kichwa polepole kukubali. "Sawa," alisema. "Mkono ni wako."

Pasi alisubiri kufurahi. Alisimama pale kwenye mvuke akasubiri, kisha akaenda kuanua nguo.

*

Mchoraji alifanya kazi kwenye chumba cha nyuma cha kinyozi mmoja, nyuma ya pazia la plastiki. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mikononi mwake hakukuwa na mchoro hata mmoja. Mama alilitambua hilo kabla hajakaa.

"Mbona wewe hujajichora?"

"Mama, mpishi akila kila anachopika, atapita mlangoni?" Akamvutia stuli. "Karibu. Na wewe binti, kaa hapo. Mkono huu?"

Mama alikaa na begi mapajani kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Ukutani kulikuwa na picha za mafuvu, waridi, majina ya wapenzi. Chumba kilinuka spiriti na nywele zilizonyolewa.

Mchoraji alivaa glovu, akauvuta mkono wa Pasi chini ya taa. Hakushtuka wala hakusikitika. Alilipapasa kovu kama fundi anavyopapasa ubao kabla ya kuukata.

"La zamani," alisema. "Limetulia. Hapa ngozi nene, hapa nyembamba. Wino utatawanyika nisipokuwa makini. Unahisi ninavyogusa?"

Pasi alitazama kidole chake. "Nahisi."

"Hapa?"

"Nahisi."

Alimtazama juu ya miwani. "Nahisi nahisi. Haya, funga macho."

"Kwa nini?"

"Nikwambie namna ninavyofanya kazi. Sindano haina macho, nami siwezi kuona imeingia kiasi gani. Nasikiliza mtu. Nikizidisha, mtu ananiambia hata kama hajafungua mdomo. Bega linapanda, vidole vya mguu vinajikunja, pumzi inakatika. Ngozi ndiyo inayoniongoza. Ngozi isiyosema nitaichimba kama shamba." Aligeuza kalamu, upande wa kitako. "Funga macho, uniambie nikikugusa."

Pasi alifunga macho.

Ikawa giza tu, na mlio wa mashine ya kunyolea upande wa pili wa pazia. Hakuwa na vidole vya kutazama. Alijaribu kusikiliza nguo ya mchoraji ikisugua, kiti kikilia, chochote. Alisikia mama akikohoa.

"Mwambie vizuri, mwanangu," mama alisema.

Pasi alikunja uso. Alivuta pumzi. "Hapo," alisema.

"Sijagusa bado," mchoraji alisema.

Mashine ya kinyozi ilizimwa. Mtu akacheka kule mbele, maji yakamwagika.

"Sasa?" mchoraji aliuliza.

Pasi hakujibu. Hakujua hata hiyo "sasa" ilikuwa wapi.

"Na hivi?"

Hakujibu.

"Huwa anahisi," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile aliyoitumia kumweleza mteja kwamba doa lilikuwepo kabla. "Kila jioni nampaka mafuta. Anahisi. Ananiambia."

Pasi alifumbua macho. Kitako cha kalamu kilikuwa kimekandamiza katikati ya kovu mpaka ngozi imebonyea, na yeye alikuwa anakitazama kama anavyotazama kalamu kwenye mkono wa mtu mwingine. Hakumtazama mama. Aliona viatu vyake tu, vimekaa sambamba sakafuni, na mkanda wa begi ukizungushwa kidoleni, ukizungushwa tena.

"Hili halina ubaya," mchoraji alisema hatimaye, si kwa yeyote hasa. "Wengi wako hivi. Tutafute tu mpaka. Funga tena, binti. Na safari hii usinisaidie. Ukihisi sema, usipohisi nyamaza."

Alianza mbali, kwenye ngozi nzima, akiingia ndani kidogo kidogo. Pasi alisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kisha akanyamaza, na pale aliponyamaza mchoraji akaweka nukta ya wino. Akaanza upande mwingine. Ndiyo, ndiyo, kimya. Nukta. Mama hakukohoa tena. Kazi ilienda taratibu hivyo, mpaka alipofika upande wa mbele, kwenye ncha ya pasi, pale ambapo Pasi alikuwa akivuta pumzi kila jioni kwa ajili ya mama.

Kitu kilimgusa. Kilikuwa kidogo, cha baridi, kama tone la mvua lililoanguka kabla ya mvua.

"Ndiyo," alisema.

"Una hakika?"

"Ndiyo. Hapo pia. Hapo pia. Hapo… hapana."

Alipofumbua macho, nukta zilikuwa zimeunganishwa kwa mstari wa bluu. Umbo lililotokea halikuwa pasi. Lilikuwa kama dimbwi la maji, limepinda upande mmoja, dogo kuliko kovu. Ncha yote ilikuwa nje yake. Pasi aliitazama ncha hiyo kwa muda. Miaka yote alikuwa ameshughulika kutazama vidole, kuigiza na kuangalia kama uigizaji umepokelewa, na pale mbele palikuwa pazima.

"Ndani ya mstari huu siingii," mchoraji alisema, akivua glovu. "Ukitaka jani, nitalichora kuzunguka."

"Litakuwa na tundu katikati."

"Ndiyo. Jani lililoliwa na mdudu. Yapo mengi, nenda kaangalie mti wowote." Alitupa glovu kwenye ndoo. "Leo sichori. Nendeni mkafikirie. Wino huu wa kalamu ni wa kupita tu, utafutika wenyewe. Ukilitaka jani bado, rudi kabla haujafutika, nisianze upya. Na msipake mafuta juu yake."

*

Walirudi kwa miguu. Mama alitangulia hatua mbili tatu, begi kwapani. Mteja mmoja, mwenye duka la vitabu, aliwasimamisha.

"Dobi, shati langu jeupe vipi?"

"Kesho," mama alisema. "Lina kazi kidogo."

Pasi alijua ni lile lenye doa. Mama hakugeuka kumtazama. Walipofika nyumbani alichomeka pasi kwenye umeme, akaendelea na rundo la mashuka mpaka jua likazama. Pasi alikunja mashuka upande wa pili wa meza, pembe kwa pembe, na kila waliposogeleana kukutanisha pembe hizo, mama alitazama pembe.

Jioni ilifika. Pasi alikaa kitandani, akajiuliza kama angekuja. Alijiuliza hivyo tu, bila hofu, kama mtu anayejiuliza kama kutanyesha. Kisha mlango ukafunguka na mama akaingia na chupa. Hakukaa. Hakusema lete mkono.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na uliposema hapo ndiyo, hapo ndiyo?"

"Nilikuwa natazama vidole vyako."

Mama alitoa sauti fupi ambayo ingeweza kuwa kicheko. Aliketi, si ukingoni, bali katikati ya kitanda, kitanda kikalalamika. Aliinyoosha mikono yake chini ya taa. Ncha za vidole zilikuwa ngumu, zinang'aa kama soli iliyotembelewa sana, hazina hata mistari.

"Vidole hivi?" alisema. "Hivi vilikufa zamani, mwanangu. Nikigusa pasi sijui kama ni ya moto mpaka isikike ikilia. Wananiita Koleo, wanadhani ni ushujaa." Akavikunja. "Nikikupaka sikujua niko wapi. Nilikuwa natazama uso wako. Ukiukunja najua nimefika."

Pasi alitazama vidole, mama alitazama mstari wa bluu. Hakuna aliyelia. Labda ingekuwa rahisi, lakini hakuna aliyelia. Nje mtoto wa jirani alikuwa anaitwa akaoge, na alikuwa hataki.

"Kwa hiyo tulikuwa tunafanya nini?" mama aliuliza.

"Sijui."

"Miaka yote hiyo. Watu wazima na akili zetu."

"Mimi nilikuwa mtoto."

"Ee. Wewe ulikuwa mtoto." Mama alifungua chupa, akaifunga. "Huyo mtu alisema ncha ni nzima?"

"Nzima. Nilihisi."

"Ilikuwaje?"

Pasi alifikiri. "Baridi."

Mama alifungua chupa tena. Safari hii hakumimina kiganjani. Alipandisha mkono wa gauni, akageuza mkono wake wa kulia, akadondosha mafuta upande wa ndani wa kifundo, pale wanawake wanapopimia joto la maziwa ya mtoto. Ngozi pale ilikuwa laini, haijawahi kufanya kazi.

"Hapa bado nahisi," alisema.

"Utafuta mstari."

"Si atatuchorea mwingine? Tutarudi. Na hilo jani lake lenye mdudu, kama unalitaka, litakuwepo." Alisogea. "Funga macho."

"Na wewe ufunge."

"Nitakumwagia shuka zima."

"Funga, mama."

Mama akafunga. Pasi akamwangalia mpaka akahakikisha, kisha naye akafunga. Kitanda kililia. Mkono wa mama ulimgusa goti, ukapotea, ukamgusa kiwiko.

"Hapa?"

"Bado."

"Hapa?"

"Sijui. Subiri. Sogea mbele."

Kilipofika kilikuwa kidogo sana, joto la kuteleza, la kuja na kuondoka, na hakuwa na hakika kama linaishia kwake au kwa mama. Hakuvuta pumzi. Hakukunja uso, hapakuwa na mtu wa kuutazama.

"Hapo," alisema.